SOMO LA ROBO HII: Waliopona VVU kwa Seli Shina, na Kazi Iliyobaki Mikononi Mwetu



Kila baada ya muda redio na simu hutuletea habari kwamba mtu fulani huko Ulaya au Marekani amepona kabisa Virusi vya UKIMWI (VVU). Habari hizo zinapofika kwenye jumuiya ndogo ndogo, huzaa swali ambalo wahudumu wa wagonjwa majumbani hulisikia mara kwa mara: "Kama dawa imepatikana, kwa nini niendelee kumeza vidonge kila siku?" Swali hilo si la kubezwa. Anayeliuliza leo anaweza kuacha dawa kesho, na akiacha, uhai wake umo hatarini.

Somo hili lina malengo matatu. Kwanza, kueleza kwa lugha nyepesi ni nini hasa kilichotokea kwa watu hao. Pili, kuonyesha kwa nini tiba hiyo, ingawa ni ya kweli, si tiba ya kila mgonjwa. Tatu, kuainisha kazi ambayo kamati zetu na wafadhili wetu wanaweza kuifanya sasa. Linafaa kusomwa katika kikao cha kamati au cha jumuiya, kisha kujadiliwa kwa maswali yaliyo mwishoni.

1. Seli shina ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo sana za uhai zisizoonekana kwa macho. Seli nyingi zina kazi moja tu: ya ngozi hubaki ya ngozi, ya misuli hubaki ya misuli. Seli shina ni tofauti. Kama jina lake linavyosema, ni shina ambalo seli nyingine huchipuka kutoka kwake.

Ndani ya mifupa yetu mna uloto, ambao wengine huuita uboho. Humo zimo seli shina za damu. Kila siku hutoa mabilioni ya seli mpya: nyekundu za kubeba oksijeni, chembe za kugandisha damu tunapojikata, na nyeupe ambazo katika semina zetu tumezoea kuziita askari wa mwili.

Mtu anapopata saratani ya damu, kiwanda hicho huharibika na kuanza kutoa askari wabovu. Njia mojawapo ya kumtibu ni kuuangamiza uloto wake kwa dawa kali, na mara nyingine kwa mionzi, kisha kumwekea seli shina za mtu mwenye afya ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa. Seli hizo huingizwa kwa mrija kwenye mshipa, kama mtu anayeongezewa damu, nazo husafiri zenyewe hadi ndani ya mifupa na kuanza kazi. Tiba hii imetumika kwa miongo mingi. Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu.

2. Kwa nini ARV hazimalizi virusi?

VVU huwashambulia askari wa mwili wanaoitwa CD4. Kirusi kikiingia ndani ya seli, hujiandika kwenye vinasaba vya seli hiyo, kisha huitumia kuzaa virusi vingine. Dawa za kufubaza makali ya VVU, yaani ARV, huzuia uzazi huo, na huzuia vizuri sana. Lakini baadhi ya seli zilizoambukizwa hulala usingizi. Hazizai chochote, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia. Mtu akiacha dawa, seli hizo huamka, na kwa wagonjwa walio wengi virusi hurudi kwa wingi katika muda wa wiki chache tu.

Hilo ndilo fumbo ambalo wanasayansi wamepambana nalo kwa miaka mingi: jinsi ya kuyafikia maficho hayo. Jibu la kwanza lilitoka kwa daktari ambaye hata hakuwa mtaalamu wa UKIMWI.

3. Daktari wa Berlin na mgonjwa wake

Timothy Ray Brown alikuwa Mmarekani aliyeishi Berlin, Ujerumani. Mwaka 1995 alipimwa na kukutwa na VVU, akaanza kutumia dawa. Mwaka 2006 aligundulika kuwa na ugonjwa wa pili, saratani ya damu. Alipelekwa kwa Dkt. Gero Hütter, mtaalamu wa magonjwa ya damu katika hospitali ya Charité.

Dkt. Hütter alikumbuka jambo alilolisoma siku za nyuma. Ili kirusi kiingie ndani ya seli ya CD4, hakitoshi kukutana nayo, kinahitaji mlango. Mlango unaotumiwa na aina nyingi za VVU huitwa CCR5. Mwaka 1996 watafiti waligundua kwamba wapo watu wachache waliozaliwa bila mlango huo kwenye seli zao, kwa sababu kipande kidogo cha jeni inayoujenga kimekosekana. Mtu aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama ni vigumu sana kuambukizwa aina hizo za VVU.

Daktari akajiuliza: mgonjwa huyu anahitaji seli shina za mtu mwingine kwa ajili ya saratani yake. Je, tukimtafuta mtoaji ambaye seli zake hazina mlango, hatutaweza kutibu magonjwa yote mawili kwa mara moja? Katika daftari la watu waliojitolea kutoa uloto kulikuwa na majina kadhaa yaliyolingana na mgonjwa. Wakapimwa mmoja baada ya mwingine. Mtu wa 61 ndiye aliyekutwa na kasoro hiyo pande zote mbili.

Brown hakukubali mara moja. Dawa za saratani zilikuwa zimempa nafuu, naye aliogopa hatari za upandikizaji. Saratani iliporudi ndipo alipokubali. Alipandikizwa Februari 2007, akaacha ARV. Saratani ikarudi tena, akapandikizwa mara ya pili mwaka 2008 kwa seli za mtoaji yule yule. Safari hii aliumia sana: kwa muda akili ilimpotea, macho yakakaribia kupofuka, akalazimika kujifunza upya kutembea. Lakini VVU havikuonekana tena mwilini mwake. Taarifa kamili ilichapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 2009, na mwaka 2010 Brown alijitangaza kwa jina. Alisema hakutaka kubaki mtu pekee duniani aliyepona.

Alifariki Septemba 2020 akiwa na umri wa miaka 54. Kilichomuua ni saratani ya damu iliyorudi. VVU havikurudi hadi mwisho wa maisha yake.

4. Waliofuata, na walioshindwa

Kisa kimoja hakitoshi kuwa ushahidi. Kwa hiyo madaktari wengine walijaribu, na matokeo yao yanafundisha mengi.

Boston, Marekani: wanaume wawili wenye VVU na saratani walipandikizwa seli za watoaji wa kawaida, wenye mlango wa CCR5. Vipimo havikuona virusi tena, wakaacha dawa kwa uangalizi wa madaktari. Matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba virusi vimerudi kwa wote wawili, kwa mmoja baada ya wiki 12 na kwa mwingine baada ya wiki 32. Hapa tujifunze kwamba kipimo kisichoona virusi si uthibitisho kwamba virusi vimekwisha.

London: Adam Castillejo alipandikizwa mwaka 2016 kwa seli zisizo na mlango, kwa sababu ya saratani ya tezi. Aliacha ARV mwaka 2017. Profesa Ravindra Gupta na wenzake walitoa taarifa yake Machi 2019. Alikuwa wa pili baada ya Brown, miaka 12 baada ya upandikizaji ule wa kwanza.

New York: mwaka 2022 ilitangazwa habari ya mwanamke mwenye asili mchanganyiko aliyepandikizwa mwaka 2017 kwa seli shina za damu ya kitovu, yaani damu inayobaki kwenye kitovu na kondo baada ya mtoto kuzaliwa. Habari hii ina uzito kwetu, kwa sababu damu ya kitovu hailazimiki kulingana na mgonjwa kwa ukaribu kama uloto wa mtu mzima. Hilo hupanua nafasi kwa watu ambao ni vigumu kupata mtoaji.

Geneva: mwaka 2023 ilitolewa taarifa ya mgonjwa ambaye seli alizopewa zilikuwa na mlango wa kawaida, kama wale wa Boston, lakini virusi havikurudi baada ya kuacha dawa mwaka 2021. Watafiti wanaamini kwamba askari wapya kutoka kwa mtoaji huzishambulia seli za zamani za mgonjwa, pamoja na zile zilizoficha virusi. Kwa hiyo kukosa mlango husaidia sana, ila si njia pekee.

Hadi katikati ya mwaka 2024, watu waliokuwa wametangazwa kwa njia hii walikuwa saba. Wote walipandikizwa kwa sababu ya saratani. Hakuna kati yao aliyepandikizwa kwa ajili ya VVU pekee.

5. Kwa nini tiba hii si ya kila mtu?

Watu wapatao milioni 40 duniani wanaishi na VVU, wengi wao Afrika. Saba ni wachache mno mbele ya idadi hiyo. Ziko sababu tatu.

Ya kwanza ni hatari. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa huuawa kinga yake yote. Kwa wiki kadhaa anaweza kufa kwa maambukizi ambayo mtu mwenye afya asingeyasikia. Baadaye seli za mtoaji zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa: ngozi, ini na utumbo. Kwa mwenye saratani ambayo bila tiba itamuua, hatari hiyo inakubalika. Kwa mtu mwenye VVU anayefanya kazi zake, kulea watoto na kumeza kidonge kwa siku, kumtia katika hatari hiyo ni kumtendea vibaya.

Ya pili ni mtoaji. Waliozaliwa bila mlango wa CCR5 pande zote mbili ni kama mtu 1 kati ya 100 kwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Miongoni mwa Waafrika ni nadra mno. Tena seli za mtoaji hulingana kwa urahisi zaidi na mgonjwa wa asili moja naye. Maana yake ni kwamba bara lenye wagonjwa wengi zaidi ndilo lenye nafasi ndogo zaidi ya kupata mtoaji wa namna hiyo.

Ya tatu ni gharama na huduma. Upandikizaji unahitaji vyumba maalumu, damu salama wakati wote, maabara za kisasa na wataalamu wa kumfuatilia mgonjwa kwa miaka.

Je, utafiti huu basi hauna faida kwetu? Unayo. Umethibitisha kwamba VVU vinaweza kumalizwa mwilini, jambo ambalo kabla ya Brown wengi hawakuliamini. Sasa watafiti wanatafuta njia ya kuuondoa mlango kwenye seli za mgonjwa mwenyewe, bila kuhitaji mtoaji na bila mateso ya upandikizaji. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Mfuko wa Gates walitangaza kutenga dola milioni 100 kila upande kwa ajili ya tiba za vinasaba za VVU na selimundu, kwa sharti kwamba zilenge tiba zinazoweza kutumika katika nchi maskini, zikiwemo za Afrika. Hiyo ni mbegu. Mavuno yake bado.

6. Kanisa linafundisha nini kuhusu seli shina?

Baadhi ya waamini wakisikia "seli shina" hushtuka, kwa kuwa wamesikia kwamba Kanisa linazikataa. Ni vema tutofautishe. Kanisa Katoliki linapinga seli zinazopatikana kwa kuharibu kiinitete, kwa sababu linakitambua kuwa uhai wa binadamu. Lakini hati ya Vatican iitwayo Dignitas Personae, iliyotolewa mwaka 2008, inaeleza kwamba seli shina zinazochukuliwa kwa mtu mzima, au kwenye damu ya kitovu wakati wa kujifungua, bila kumdhuru anayetolewa, ni halali.

Wagonjwa wote tuliowataja walipewa seli za namna hiyo. Tendo la mtu wa 61 lilikuwa tendo la hisani: alimpa mgonjwa asiyemfahamu sehemu ya mwili wake, akarudia mwaka uliofuata. Wanaochangia damu katika parokia zetu wanafanya tendo la ukoo huo huo.

7. Usiache mbachao kwa msala upitao

Wahenga walituonya tusitupe mkeka wetu mkuukuu kwa sababu ya msala mzuri ambao mwenyewe anapita nao. Nchi yetu ililipa gharama ya kulisahau onyo hilo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi iliyosemekana kuponya magonjwa sugu, UKIMWI ukiwemo. Walikuwamo walioacha ARV wakiamini wamepona. Hatuwalaumu, mgonjwa hutafuta uzima popote anapousikia. Lakini wapo waliorudi hospitali wakiwa na hali mbaya zaidi, na wengine hawakurudi.

Kumbe habari ya Berlin, ambayo ni ya kweli, inaweza kuleta madhara yale yale ikieleweka nusu. Kwa hiyo tuwaambie watu wetu waziwazi mkeka walio nao una thamani gani. Mtu anayetumia ARV vizuri anaweza kuishi miaka inayokaribiana na ya asiye na VVU. Virusi vyake vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, na akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Mama mjamzito au anayenyonyesha akitumia dawa ipasavyo, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka chini ya asilimia 5. Bila huduma yoyote hufikia kati ya 15 na 45.

8. Kazi yetu

Kwa kamati za parokia na vigango, tunapendekeza haya:

- Habari ya "dawa mpya" ikifika kwenye jumuiya, isijibiwe kwa kukemea wala kwa kuishangilia. Mwulizeni mhudumu wa afya wa eneo lenu kabla ya kuitangaza.
- Yeyote anayesema amepona, kwa maombi au kwa dawa yoyote, ashauriwe kwa upendo kuendelea na ARV na kwenda kupima wingi wa virusi kliniki. Imani haiogopi kipimo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kwamba tabibu na dawa vyatoka kwa Mungu.
- Wafahamuni walioacha kliniki, si kwa kuwataja hadharani, bali kwa kuwatembelea kwa siri na heshima. Mara nyingi kinachowazuia ni nauli, njaa au aibu, na yote matatu jumuiya inaweza kuyapunguza.
- Pangeni siku ya kuchangia damu. Bila damu salama hakuna matibabu ya saratani wala ya selimundu.

Kwa wafadhili wetu, tunasema hivi kwa shukrani. Habari ya mtu aliyepona huvuta macho na mifuko. Habari ya mtu aliyemeza kidonge chake jana, leo na kesho haivuti. Hata hivyo huyo wa pili ndiye mamilioni. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki katika nchi kadhaa za Afrika ziliyumba ndani ya siku chache, na wagonjwa wakajikuta hawajui kama mwezi ujao watapata dawa. Tulijifunza upya jinsi kamba hii ilivyo nyembamba. Msaada mdogo unaokuja kila robo bila kukatika, wa nauli ya kliniki, chakula cha mgonjwa na mafunzo ya mhudumu, huokoa watu wengi kuliko msaada mkubwa wa mara moja.

Tumkumbuke Msamaria mwema. Hakuishia kumfunga majeraha yule mtu njiani. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Huduma yake ilikuwa na kesho ndani yake.

Tuwaombee watafiti ili kazi yao ifike siku moja kwenye zahanati zetu. Na hadi siku hiyo, kila mmoja katika jumuiya zetu anayeishi na VVU amkute jirani wa kumkumbusha kidonge cha leo.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini virusi hurudi mtu akiacha ARV?
2. Wanaume wawili wa Boston wanatufundisha nini kuhusu mtu anayesema, "Nimepimwa, virusi havionekani, basi nimepona"?
3. Je, katika jumuiya yetu kuna habari za uponyaji zilizowahi kuwafanya watu waache dawa? Tulifanya nini? Tungefanya nini tofauti?
4. Ni vikwazo gani vinavyowazuia wagonjwa wetu kufika kliniki, na ni kipi kimoja tunachoweza kukiondoa kabla ya robo ijayo?
5. Nani atamtembelea nani juma hili? Andikeni kwa idadi tu, bila majina ya wagonjwa, na mlete taarifa kwenye kikao kijacho.